Ukihama nyumba Lubumbashi: bepe, poste restante, "s/c" au DHL? Ulinganisho wa njia za kupokea barua

Nchi nyingi za Ulaya zina fomu ya kuhama. Ufaransa, kwa mfano, unalipia posta mkataba wa kugeuza barua kwa miezi 6 au 12, na anayepita mlangoni na mfuko anapewa habari. Lubumbashi hakuna wa kumpa habari hiyo. Posta hapa haipiti lupango kwa lupango (uwanja wa nyumba): barua yenye stempu inaishia kwenye kisanduku chenye namba au kwenye gishe (dirisha la huduma), na hapo inamngoja mwenyewe. Kwa hiyo anayetoka Kamalondo kwenda Bel-Air asihangaike na namna ya kumwambia mpostamani. Ajiulize barua zake zilale wapi ili hata akihama mara tatu kwa miaka miwili, kama ilivyo kwa wapangaji wengi, zenyewe zibaki pale pale.

Msimamo wetu tuuseme mapema. Mpangaji achague anwani isiyohama naye, kisha nyumba anayolala aitumie kwa vitu vinavyoletwa kwa mkono tu. Kugeuza barua kutoka anwani ya zamani ni kiraka cha miezi michache, na kiraka hicho ndicho kinachochanika mara nyingi. Hata hivyo anwani ipi isiyohama inategemea unachongoja: diploma, koli (kifurushi) ya simu, bili ya umeme na karatasi ya mahakama hazipiti mlango mmoja.

Vitu vinne vinavyochanganywa

Watu husema "barua zangu" kana kwamba ni kitu kimoja. Si hivyo.

Kuna vya posta ya serikali, yaani SCPT, ambayo wazee bado wanaiita OCPT: barua, kadi, na pakiti ndogo zisizozidi kilo 2. Hivi vinafuata B.P. (boîte postale, sanduku la posta), "bepe" kama tunavyoitamka.

Kuna koli za kampuni za haraka, DHL na wenzake. Hizi zinafuata barabara, namba ya nyumba, na zaidi ya yote namba ya simu. DHL haipeleki kwenye sanduku la posta. Anayemwandikia mtumaji "B.P. namba fulani, Lubumbashi" kwa koli ya DHL anajitengenezea simu za maswali na siku zilizopotea.

Kuna karatasi za mkono: bili za SNEL (umeme) na REGIDESO (maji), wito wa komini (manispaa), notisi za kodi, na karatasi ya huissier (mpeleka hati za mahakama). Hizi hazimjui mtu, zinaijua nyumba. Ukihama, zinaendelea kuingizwa chini ya lango lile lile.

Mwisho kuna ujumbe wa simu. Benki, shule, mobile money, hata ajansi ya basi, vyote vinaishi kwenye namba yako. Ukihama ukatupa na laini, umehama mara mbili, na hama ya pili ndiyo mbaya, kwa sababu laini isiyotumika muda mrefu inaweza kupewa mtu mwingine.

Sanduku lako mwenyewe

Kwa anayejua atakaa mji huu miaka, bepe yake mwenyewe ndiyo bora. Inakodiwa katika jengo la posta, pale Place Moïse Tshombe, ambapo wengi bado wanapaita Place de la Poste. Unapeleka ombi la maandishi na nakala ya kitambulisho (kadi ya uchaguzi ndiyo inayotumiwa na wengi), unalipa kodi ya mwaka, unapewa ufunguo. Bei uliza gishe, usiulize rafiki. Na usiondoke bila risiti yenye namba ya kisanduku na tarehe ya kuisha.

Faida yake kwa anayehama ndani ya mji ni kwamba huna la kubadilisha. Utoke komini ya Kenya uende Ruashi, utoke Ruashi uende Golf, namba ni ile ile. Shule iliyokuandikia miaka minne iliyopita bado inakupata.

Panapoharibika ni pawili. Kwanza, kodi isiyolipwa. Kisanduku hakipigi kelele kodi ikiisha. Unaendelea kufungua na kufunga, halafu siku moja ufunguo hauingii na namba ina mtu mwingine. Barua zako zinazofika baadaye zinaingia kwake, na yeye hana sababu ya kukutafuta. Weka tarehe kwenye simu mwezi mzima kabla. Pili, majina. Tangu 1972, siasa ya "authenticité" ilipofuta majina ya ubatizo kwenye karatasi, Mkongo ana jina na post-nom (jina la pili), na prénom (jina la ubatizo) iliporudi ikawa ya tatu. Mtumaji wa nje anachukua mawili anayoyapenda. Barua inakuja na prénom na post-nom, jina lenyewe halipo, na kadi yako inaanza na jina. Kwa barua ya kawaida hakuna neno, namba ya kisanduku inatosha. Kwa "recommandé" (barua iliyosajiliwa) ni shida, kwa sababu hiyo haiwekwi ndani ya kisanduku: kinawekwa kikaratasi cha taarifa (avis), wewe unakipeleka gishe na kitambulisho, na mhudumu analinganisha herufi kwa herufi. Kwa hiyo unapokodi, andikisha majina yote yatakayopokea kupitia namba hiyo: ya mke kwa jina lake na kwa jina la mume, ya watoto wanaosoma, ya biashara kama ipo.

"S/c": kupokea kupitia ofisi, parokia au chuo

Hii ndiyo njia ya wengi. Unaandika jina lako, kisha "s/c" (sous couvert) na jina la taasisi, kisha bepe yao. Haina kodi, na taasisi hulipa kisanduku chake kila mwaka bila wewe kukumbuka. Kwa mwanafunzi au mwajiriwa wa kudumu ni nafuu halisi.

Lakini hapa kuhama nyumba siyo hatari. Hatari ni kuhama kazi. Siku unapoacha ofisi, anwani yako inabaki mikononi mwa sekretari ambaye hana deni kwako. Tatizo la pili ni upana wa taasisi. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina B.P. 1825 kwa maelfu ya watu, barua inayosema "UNILU, B.P. 1825" na jina lako tu imefika chuoni, haijafika kwako. Ongeza kitivo, idara, na mwaka unaosoma, au jina la ofisi ya mapokezi ya kitivo. Parokia ni rahisi zaidi kwa sababu watu ni wachache na matangazo yanasomwa Jumapili, ila padre akihamishwa, mpya hajui makubaliano yenu. Mwandikie barua fupi anapofika, usitegemee kwamba ameambiwa.

Usitumie njia hii kwa karatasi ambayo hutaki ionekane. Bahasha ya benki au ya ubalozi ikikaa siku tatu mezani kwa mapokezi, habari imeshafika mbele yako.

Poste restante

Ni njia ya anayehama sasa hivi na hajui atalala wapi mwezi ujao. Mtumaji anaandika jina lako kamili, "POSTE RESTANTE", posta kuu, Lubumbashi. Hakuna kodi ya mwaka, hakuna ufunguo. Unakwenda gishe na kitambulisho na kuuliza.

Udhaifu wake ni saa. Kanuni za Umoja wa Posta Duniani zinaweka muda wa kungoja usiozidi mwezi 1 kwa kawaida, na miezi 2 pale posta inapoona kuna sababu. Baada ya hapo kitu kinarudi kwa mtumaji. Barua ya kawaida kutoka nje inaweza kukaa njiani wiki kadhaa na hujui ilifika lini, kwa hiyo mwenye poste restante lazima apite gishe kila wiki. Anayekaa Annexe, nauli ya kwenda na kurudi mara nne kwa mwezi ni pesa, na pengine inakaribia kodi ya bepe. Mwambie mtumaji akutumie namba ya ufuatiliaji. Ikiwa ni recommandé au EMS (huduma ya haraka ya posta), namba hiyo ina herufi 2, tarakimu 9, na herufi 2 za nchi ilikotoka (FR kwa Ufaransa, BE kwa Ubelgiji, CD kwa kilichotumwa kutoka kwetu). Bahasha isiyo na namba ya namna hiyo haifuatiliki popote, hata mtumaji akiapa kwamba alilipa "ya haraka".

DHL na wenzake

Kwa hati moja isiyo na nakala, kama diploma, visa, au cheti cha kuzaliwa kilichotafsiriwa na kupigwa mhuri, lipa. Bei inauma lakini kila hatua ina saa na sahihi.

Kinachowashangaza wengi ni uzito wa kupima kwa rula. Kampuni hizi hupima mara mbili: kwenye mizani, na kwa sentimita, urefu mara upana mara kimo, kugawanya kwa 5000. Boksi la 40 × 30 × 30 linatoa 36,000. Gawanya, ni kilo 7.2. Hata kama ndani mna viatu vya kilo 2, bei ni ya 7.2 kwa sababu wanachukua kubwa. Mwambie anayetuma akate boksi lifuate mzigo.

Kwa anayehama, faida ni kwamba anwani inaweza kusahihishwa koli ikiwa njiani, kwa simu au mtandaoni, ingawa marekebisho ya anwani mara nyingi yana malipo ya ziada. Na bado kuna forodha: DGDA haiulizi umehama au hukuhama, inauliza thamani iliyoandikwa na inataka simu ipokelewe. Namba ya mpokeaji ikiwa imezimwa, koli inalala, na siku za kulala zinaweza kulipiwa. Andika +243 kisha tarakimu 9, ukiondoa sufuri ya mwanzo; fomu za mtandaoni zinazoacha +2430… ndizo zinazomfanya dereva apige namba isiyokuwepo.

Zamu wa lupango wa zamani

Tusiidharau. Kwa karatasi za mkono hakuna njia nyingine inayofanya kazi. Unamwachia zamu (mlinzi wa lango), au mke wa mwenye nyumba, bahasha kubwa ya plastiki yenye jina lako na namba mbili za simu, na kila linaloingizwa chini ya lango kwa jina lako linaingia humo. Plastiki, si karatasi: mvua hapa ni Novemba hadi Aprili, na bili iliyolala usiku mmoja chini ya lango haisomeki asubuhi. Mlipe kidogo kila unapopita kuchukua, usilipe yote mwanzoni.

Njia hii huisha zamu anapobadilishwa. Ndiyo maana ni bora mstari uingizwe kwenye karatasi mnayosaini siku ya kurudisha funguo: mwenye nyumba atapokea karatasi za jina lako kwa miezi 6 na kukupigia simu. Hakuna anayekataa mstari huo siku hiyo, kwa sababu anataka funguo.

Kisanduku cha ng'ambo ya Kasumbalesa

Mpaka wa Zambia, pale Kasumbalesa, uko kilomita 90 hivi, na wako wanaotumia P.O. Box ya ndugu Zambia. Tunaiweka mwisho makusudi. Barua inaweza kufika vizuri, lakini inafika nchi nyingine. Kila ukihitaji bahasha kuna safari, foleni, na mtu wa kumtegemea. Kwa koli ni mbaya zaidi: forodha ya Zambia kwanza, halafu ukivuka ni kuingiza bidhaa Kongo, na asiye na karatasi za upande wa kwanza hana la kuonyesha upande wa pili. Inamfaa mfanyabiashara anayevuka kila wiki. Wengine waiache.

Kwa ufupi, bega kwa bega

| Njia | Ukihama ndani ya mji | Ukihamia Kolwezi au Likasi | Inafaa kwa | Inavunjika pale |
|---|---|---|---|---|
| Bepe yako | hakuna la kubadilisha | ibaki mwaka mmoja zaidi, mtu awe na ufunguo | barua, recommandé | kodi ikisahaulika |
| S/c | hakuna la kubadilisha | ongea na sekretari kabla | mwanafunzi, mwajiriwa | ukiacha kazi |
| Poste restante | hakuna la kubadilisha | unaanza upya mji mpya | kipindi cha katikati | mwezi ukipita |
| DHL na wenzake | toa anwani mpya na simu | toa anwani mpya na simu | hati moja ya thamani | simu ikizimwa |
| Zamu | unapita mwenyewe | atume kwa basi | bili, karatasi za mkono | akibadilishwa |

Safu ya "atume kwa basi" inahitaji neno moja. Ajansi za basi za Kolwezi na Likasi zinachukua bahasha na koli, na kwa anayehamia huko ndiyo njia ya haraka ya kugeuza kilichofika Lubumbashi. Anayetuma anaandika jina lililo kwenye kitambulisho chako, siyo jina la mtaani, na simu yako. Wewe unapokea kwa kuonyesha vyote viwili. Apige picha ya risiti na aitume kabla basi halijaondoka. Bila picha hiyo, bahasha iliyopotea ni neno lako dhidi ya la mpakiaji.

Namna ya kuandika, maana hapa ndipo nyingi zinapotea

Mji huu una mtego wa majina. Kuna komini inayoitwa Lubumbashi ndani ya mji unaoitwa Lubumbashi. Kuna komini inayoitwa Kenya. Mtumaji wa Ulaya anayeandika "Kenya" peke yake kwenye mstari wa karibu na mwisho anampa mpangaji wa barua sababu nzuri ya kuitupia kwenye mfuko wa Nairobi. Na anayeandika "Congo" tu anaweza kuipeleka Brazzaville, kwa sababu Kongo ni mbili: ya kwetu ina alama CD, ya jirani CG. Kwa posta, andika hivi, nchi ikae peke yake mstari wa mwisho kwa herufi kubwa:

JINA POST-NOM Prénom
B.P. ……
LUBUMBASHI (Haut-Katanga)
RÉPUBLIQUE DÉMOCRATIQUE DU CONGO

"Katanga" pekee ni ya zamani. Tangu 2015 jimbo liligawanywa kuwa Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika, na Kolwezi ni Lualaba. Anayehama Lubumbashi kwenda Kolwezi amebadilisha jimbo pia.

Kwa DHL na wapeleka koli, tumia mtindo wetu wa kawaida: "N° 24, av. …, Q/Bel-Air I, C/Kampemba", halafu alama ya karibu (Réf.) na simu. Zile "Q/" (kartie, yaani mtaa) na "C/" (komini) si mapambo. "C/Kenya" inasomeka kuwa komini. "Kenya" inasomeka kuwa nchi. Usiseme "Golf" ukaishia hapo, maana Golf Plateau na Golf Météo si mahali pamoja. Angalia pia namba ya lupango kwa macho yako. Viwanja vinapokatwa vipande, namba moja huzaa "24 bis" na "24/A", na mara nyingine rangi mpya ya lango imefuta namba kabisa.

Dereva asiyepata namba atakuomba mahali kwa WhatsApp. Mtumie alama ya kudumu, usimtumie ile "position en direct": hiyo inadumu dakika 15, saa 1 au saa 8, na aliyeipokea asubuhi akafika jioni anakuta imezimika. Njia safi zaidi ni msimbo wa ramani wa Google, ule wenye alama ya kujumlisha. Kwa Lubumbashi msimbo mzima unaanza na 5GW9, na mraba wake ni kama mita 14 kwa 14, yaani lango lako na si la jirani. Posta haiusomi, lakini mtu wa pikipiki anausoma.

Agizo la kugeuza barua

Ikiwa una bepe na unahamia mji mwingine, unaweza kuomba barua zikufuate. Neno la gishe ni "ordre de réexpédition". Kanuni za kimataifa zinaruhusu kitu kimfuate aliyehama, isipokuwa mtumaji ameandika "Ne pas réexpédier" juu ya bahasha. Benki nyingi za nje huandika hivyo kwenye bahasha za kadi, kwa hiyo kadi ya benki usiingojee kwa njia hii.

Barua yako kwa mkuu wa posta iwe nakala mbili. Iwe na bepe ya zamani, anwani mpya kamili, majina yote yanayopokea kwenye kisanduku hicho, tarehe ya kuanza na ya kuisha, sahihi, na nakala ya kitambulisho. Nakala ya pili igongwe mhuri na tarehe, urudi nayo. Bila mhuri huo huna agizo, una mazungumzo. Hata ukiwa nao, usikirudishe kisanduku siku ile ile: lipia mwaka mmoja zaidi, mwachie mtu ufunguo na barua ya uwakilishi (procuration) yenye jina lake kama lilivyo kwenye kadi yake, afungue kila Ijumaa. Agizo likisahaulika kwenye droo, ufunguo unaokoa.

Barua ikirudi kwa mtumaji, soma alama iliyobandikwa. "Parti sans laisser d'adresse" maana yake walijua ulikuwepo. "Inconnu" maana yake jina halikutambuliwa. "Non réclamé" maana yake ilifika, ikangoja, hukuja. Kila moja ina dawa yake, na kumwambia mtumaji "posta imeharibika" siyo mojawapo. Kwa recommandé iliyopotea, ni bora mtumaji ndiye afungue madai kwenye posta yake, ndani ya miezi 6 tangu siku iliyofuata ya kutuma.

Yasiyopita posta lakini yanauma zaidi

Bili za SNEL na REGIDESO usizihamishe, zifunge. Siku ya kutoka piga picha ya mita zote mbili, lipa hadi tarehe hiyo, na mwachie mwenye nyumba nakala ya risiti. Kule unakoingia fanya kinyume: dai risiti za mwisho za aliyetoka kabla ya kulipa garanti (amana ya nyumba), kwa sababu fundi wa kukata umeme anakuja na namba ya mteja wa nyumba, haji na jina lako.

Karatasi ya huissier ndiyo ya kuogopwa. Asipokukuta anaweza kumwachia ndugu wa nyumbani, jirani, au mkuu wa eneo. Makazi yako yakiwa hayajulikani kabisa, nakala inabandikwa kwenye mlango mkuu wa mahakama, na kesi inaendelea bila wewe. Mwenye kesi yoyote, hata ya kiwanja cha urithi, amjulishe wakili anwani mpya kwa maandishi wiki anayohama. Karibu na hilo, chukua attestation de résidence (cheti cha makazi) mpya kwenye komini ya sasa, ukipitia kwanza kwa mkuu wa kartie akujue uso.

Mwenye biashara iliyosajiliwa ana siku 30 za kurekebisha RCCM (daftari la usajili wa biashara) makao yakibadilika. Ni sheria ya OHADA (umoja wa nchi za Afrika wa sheria za biashara), ambayo Kongo imo tangu 2012. Huo ni mlango tofauti na wa posta, na kimoja hakikipi kingine habari.

Lini uanze

Wiki sita kabla, waandikie watumaji wa nje, kwa sababu kilicho njiani tayari huwezi kukigeuza. Wiki mbili kabla, peleka agizo la réexpédition na uzungumze na zamu. Siku ya kuhama ni ya mita na funguo tu. Kisha, kabla hujampa anwani mpya mtu yeyote muhimu, jitumie barua wewe mwenyewe: mwombe jamaa wa Kolwezi au Kinshasa aitume kwa recommandé, na majina yako yapangwe vile chuo cha nje kinavyoyapanga. Ikirudi na "Inconnu", umejua kwamba kasoro iko kwenye jina, wala si kwenye namba, na hakuna diploma iliyopotea.